Pamoja na Masaisi wa Kentucky

Kaskazini mwa mji wa Lexington, barabara ya Iron Works inapita katikati ya uzio wa mbao, mweusi upande huu, mweupe upande ule, kilomita baada ya kilomita. Nyuma ya uzio ni malisho, na chini ya malisho ni mawe ya chokaa. Wafugaji wa jimbo la Kentucky watakuambia kwamba siri yao iko huko chini: kalsiamu na fosforasi ya mawe hayo huingia kwenye majani, na kutoka kwenye majani huingia kwenye mifupa ya farasi. Nilifika huko mwezi Julai kumtembelea dada yangu, nikiwa pia na hamu ya kuyaona kwa macho mashindano ambayo kwetu Tanzania huonekana kwenye televisheni tu, Olimpiki inapofika.

Aliyenipeleka ni jirani wa dada, mzee kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuhamishiwa Marekani. Lexington ina Wakongo wengi. Katika shule za umma za mji huo, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa sana majumbani mwa wanafunzi, baada ya Kiingereza na Kihispania. Mtaa mzima ulimwita mzee huyu Papa, kwa heshima ya Kikongo, nami nikamwita hivyo hivyo. Kazi yake ni usaisi. Anawahudumia farasi wa banda moja linalofuata mashindano mwaka mzima, jimbo hadi jimbo.

"Dada yangu, ukitaka kuwajua farasi usije saa watu wanapopiga makofi," aliniambia tukinywa chai sebuleni kwa dada. "Njoo saa kumi na nusu alfajiri. Mashindano yanaanza hapo."

Niseme kwanza ni mashindano gani. Watu wakisikia Kentucky na farasi hufikiria mbio, hasa Kentucky Derby, ambayo hukimbiwa Louisville tangu mwaka 1875. Haya niliyoyafuata ni mengine. Farasi huingia uwanjani, akaruka viunzi au akaonyesha mwendo wake, na akapewa alama. Katika mchezo wa kuruka yapo makundi matatu makubwa. Katika la kwanza anapimwa farasi mwenyewe, uzuri wa mruko wake na utulivu wake. Katika la pili anapimwa mpandaji, namna anavyokaa na anavyomwongoza mnyama. Katika la tatu uzuri hauhesabiwi. Huhesabiwa fito zilizoangushwa na sekunde zilizotumika. Mshindi hufungiwa utepe kwenye hatamu ya farasi wake. Marekani utepe wa kwanza ni wa bluu na wa pili ni mwekundu. Uingereza mwekundu ndio wa kwanza.

Mzunguko wenyewe haupumziki. Kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Machi mabanda mengi huhamia Wellington, kusini mwa Florida, kulikimbia baridi. Kutoka Lexington ni safari ya kilomita 1,600 hivi. Farasi hupakiwa kwenye malori marefu yaliyogawanywa vyumba, na njiani lori husimamishwa ili wanyweshwe maji. Majira ya kuchipua wanarudi kaskazini, na kiangazi kinawakuta Kentucky na majimbo ya jirani. Papa ana nyumba Lexington, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka wajukuu wake humwona kwenye simu. Kila banda linapofikia anapanga upya kila kitu: maranda sakafuni, ndoo mbili za maji, wavu wa majani makavu, feni mlangoni, na ubao wenye jina la farasi na kipimo cha chakula chake.

"Farasi hajui kwamba tumehama jimbo," alinieleza. "Anachotaka ni ndoo yake iwe upande ule ule aliouzoea."

Kentucky Horse Park ni uwanja mkubwa wa serikali ya jimbo, karibu hekta 500, uliofunguliwa mwaka 1978. Mwaka 2010 ulipokea Michezo ya Dunia ya Farasi, mara ya kwanza michezo hiyo kufanyika nje ya Ulaya. Tulipofika alfajiri ile giza lilikuwa bado, lakini mabanda yalikuwa yanawaka taa. Matoroli ya samadi yalikuwa njiani, redio ilikuwa inaimba Kihispania kwa sauti ya chini, na farasi walikuwa wanagonga milango kwa kwato wakidai chakula. Masaisi wengi tuliopishana nao walikuwa watu wa Meksiko na Guatemala. Papa aliwaamkia kwa Kihispania cha kazini, nao wakamjibu "jambo, Papa".

Mlangoni mwa banda la jirani, msusi alikuwa amesimama juu ya kigoda, taa kichwani, anamalizia kazi aliyoianza usiku. Farasi wanaopimwa kwa uzuri huingia uwanjani singa za shingo zikiwa zimesukwa, na kwa kuwa mashindano huanza asubuhi, wasusi hukesha. Huyu alilowanisha kifungu chembamba cha singa, akakisuka kwenda chini huku akiingiza uzi wa sufu wa rangi ile ile, kisha akakivuta kisuko kwa kulabu hadi kwenye mzizi na kukikaza kwa fundo. Shingo moja huchukua visuko 30 na zaidi, vyote vya unene mmoja na nafasi moja. Farasi alipotikisa kichwa, msusi alingoja mkono ukiwa umetulia shingoni kwake, akaendelea pale pale alipoachia. Analipwa kwa kila farasi, na akimaliza mmoja anahamia kwa mwingine.

Papa hakuanza kwa kulisha. Alipita kwanza kila chumba na kuangalia: nani amebakiza chakula cha jana, nani hakunywa maji, samadi ya nani imepungua. Tumbo la farasi likisokotwa linaweza kumuua ndani ya saa chache, na dalili zake za mwanzo ni ndogo hivyo. Baada ya hapo ndipo alipochuchumaa kando ya farasi jike wa rangi ya kunde, aliyekuwa tegemeo la banda kwa mashindano makubwa ya jioni ya siku ile.

Alipitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kuanzia chini ya goti hadi kifundoni, polepole, macho yake yakiwa ukutani. Akahamia mguu wa kulia. Akarudi wa kushoto. Mara ya tatu alifunga macho.

"Una moto," alisema. "Kidogo. Gusa hapa."

Niligusa. Kwa kiganja changu miguu yote miwili ilikuwa sawa, lakini chake kimeshika miguu ile kila alfajiri, msimu baada ya msimu, na kinakumbuka. Chini ya goti la farasi hamna msuli. Ni mfupa, kano na ngozi. Mnyama wa kilo 500 na zaidi anaporuka kiunzi, huanza kutua kwa mguu mmoja wa mbele, na kano hizo ndizo hupokea uzito wote. Kano ikichanika, matibabu huchukua miezi mingi, pengine mwaka, na wapo farasi ambao hawarudi tena katika hali yao ya zamani. Joto kidogo chini ya ngozi, joto ambalo kamera ya televisheni haiwezi kulionyesha, huenda likawa onyo pekee litakalotolewa.

Kocha wa banda, mama wa makamo, alikuja mbio. Papa alimweleza kwa maneno machache. Kocha naye akachuchumaa na kupapasa, akamwita daktari wa mifugo. Farasi alitembezwa kwenye lami, akakimbizwa polepole kwenda na kurudi, hakuchechemea. Daktari akapitisha mashine ya kupiga picha za ndani, nayo haikuonyesha kano iliyochanika. Kwa kanuni zote jike yule alikuwa na haki ya kushindana. Mmiliki alikuwa amesafiri kwa ndege na familia yake kuja kumtazama, ada ilikuwa imekwisha kulipwa, na jina la farasi lilikuwa limechapishwa kwenye orodha. Kocha alisimama kimya kidogo, mkono ukiwa shingoni mwa farasi. Kisha akamgeukia Papa, akamuuliza kama angekuwa ni wake angefanyaje.

Papa alitikisa kichwa. Kocha akaenda ofisini kumwondoa farasi kwenye orodha.

Mchana nilifuatana na banda lilipompeleka farasi mwingine, kijana aliyehasiwa, katika daraja la kati. Kabla ya kuanza, wapandaji huruhusiwa kuikagua njia kwa miguu. Unawaona wakitembea kutoka kiunzi hadi kiunzi wakihesabu kwa midomo. Hatua nne za mtu ni sawa na hatua moja ya farasi anapokimbia, yaani mita 3.6 hivi. Kwa hesabu hiyo mpandaji anajua kwamba baina ya kiunzi cha nne na cha tano zinaingia hatua tano ndefu, au sita akimshika hatamu. Mchora njia ameyapanga hayo kwa makusudi: ameweka kiunzi kirefu mara tu baada ya kipana, kona kali mbele ya rangi zinazotisha, ili farasi na mpandaji walazimike kuafikiana papo hapo.

Saisi huwafuata hadi getini. Papa alifuta povu mdomoni, akapangusa buti za mpandaji, akakaza njumu kwenye viatu vya chuma ili farasi asiteleze kwenye kona, akakaza mkanda wa tandiko mara ya mwisho. Kisha geti likafunguliwa, na hapo mkono wake ukawa hauna tena la kufanya.

Ufito hulala kwenye vishikizo vyenye kina kifupi sana, hivyo kuguswa tu kwa kwato kunatosha kuudondosha. Ukianguka ni pointi 4 za adhabu. Farasi akikataa kuruka ni 4 nyingine, akikataa mara ya pili ametoka, na mpandaji akianguka ametoka. Kila sekunde inayozidi muda uliopangwa ni pointi moja. Wanaomaliza bila adhabu hurudi kwa duru fupi ya kasi, na hapo sehemu ya sekunde huamua mshindi. Wakati farasi anakaribia kiunzi watazamaji hunyamaza, ukasikia pumzi zake zikitoka kwa mpigo wa hatua zake. Kijana wetu alipita vizuri hadi kiunzi cha mwisho ila kimoja, akakigusa kwa mguu wa nyuma, na ufito ukashuka. Pointi 4, hakuna utepe. Alipotoka, Papa alilegeza mkanda kabla hata mpandaji hajashuka, akaanza kumtembeza kivulini ili mwili upoe taratibu, katika joto la Julai linalokuachia shati limegandamana na mgongo.

Jioni, taa za uwanja mkubwa zilipowashwa, sauti ya mtangazaji ilitufikia hadi bandani. Jike wa rangi ya kunde alikuwa amesimama, mguu ukiwa ndani ya kiatu kirefu kilichojazwa barafu, anatafuna majani. Mmiliki alikuja na watoto wake. Nilitazamia manung'uniko, badala yake alimpa Papa mkono, na binti yake mdogo akaomba aonyeshwe mahali penye joto. Papa alimshika kiganja akampitishia polepole, kama alivyonifanyia mimi asubuhi.

Si kila banda liko hivyo. Masaisi niliozungumza nao walinisimulia mengine: farasi kuingizwa uwanjani siku ambayo saisi alisema hapana, siku za kazi zinazoanza kabla ya jua na kwisha saa nne usiku, malipo yanayocheleweshwa, watu wanaolala wamebanana chumba kimoja wakati farasi ana feni yake. Waliyasema bila kupaza sauti, kwa sababu wanaipenda kazi na kwa sababu viza za baadhi yao zimefungamana nayo. Banda lisilomsikiliza saisi hatimaye hulipa kwa miguu ya farasi.

Kesho yake Papa alinipeleka upande wa makumbusho. Ipo pale sanamu kubwa ya Man o' War, farasi wa mbio aliyezaliwa mwaka 1917, aliyekimbia mara 21 na kushinda 20. Amezikwa chini yake. Saisi wake wa miaka ya uzee, Will Harbut, alikuwa Mmarekani Mweusi, na maelfu ya wageni walifika shambani kumsikiliza akisimulia habari za farasi huyo. Harbut alifariki Oktoba 1947, na Man o' War akafa tarehe 1 Novemba, mwaka huo huo. Tanzia ya Harbut ilimtaja farasi miongoni mwa waliofiwa. Karibu na hapo ni kaburi la Isaac Murphy, mpanda farasi Mweusi aliyeshinda Kentucky Derby mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Katika Derby ya kwanza, kati ya wapandaji 15 waliojipanga, 13 walikuwa Weusi. Baadaye ubaguzi uliwafukuza kwenye matandiko, wakabakizwa mabandani. Papa alisimama pale muda mrefu kofia mkononi. Nilielewa kwamba historia ya mchezo huu, upande wa wanaoutumikia, ina watu wanaofanana nasi tangu mwanzo.

Agosti tulikwenda Louisville, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, dada yangu akiendesha. Wakati wa maonyesho ya jimbo, katika ukumbi wa Freedom Hall, hufanyika mashindano ya dunia ya farasi wa aina ya Saddlebred, aina iliyokuzwa Kentucky na majimbo jirani. Papa aliingia ukumbini akitabasamu kwa sababu nyingine. Hapa ndipo Muhammad Ali, mtoto wa Louisville, alipopigana pambano lake la kwanza la kulipwa, Oktoba 1960. Mwaka 1974, Ali alipopigana Kinshasa, Papa alikuwa mtoto Uvira, amekaa na wazee kuzunguka redio, mji mkuu mzima ukimshangilia Ali.

Saddlebred haruki. Anapimwa kwa mwendo, mkao wa shingo na moyo. Wenye miendo mitano hutembea, hukimbia polepole, hupiga shoti ya taratibu, kisha huonyesha miendo miwili ya kufunzwa ambamo kila ukwato hugusa chini peke yake, moja, mbili, tatu, nne, na mpandaji hatikisiki tandikoni. Sakafu ina maranda yaliyotiwa rangi ya kijani, kinanda kinapigwa, na watu hawanyamazi kama Lexington. Wanapiga mayowe farasi wampendaye anapopita, naye anazidi kuinua magoti. Mmoja wa mafundi wakubwa wa farasi hawa alikuwa Tom Bass wa Missouri, aliyezaliwa utumwani mwaka 1859. Alibuni lijamu isiyouumiza mdomo wa farasi, bado inatumika na ina jina lake, na hakuisajili ili imletee fedha.

Katika daraja la ubingwa nikaona jambo ambalo Lexington sikuliona. Baada ya miendo yote, farasi walipangwa mstari katikati ya ukumbi, wapandaji wakashuka, na masaisi wakaingia wakikimbia na taulo na brashi. Wakavua matandiko, wakafuta jasho, wakalainisha singa, majaji wakipita kukagua umbo la kila mnyama. Kwa dakika hizo chache, mbele ya ukumbi uliojaa, waliosimama na farasi walikuwa wale waliowalisha alfajiri ile. Papa alisimama kwenye kiti chake ili aone vizuri, na alipiga makofi kuliko alivyopiga utepe ulipotolewa.

Jike wa rangi ya kunde alipumzishwa, akaanza kutembezwa, akarudi kuruka viunzi vifupi, na kabla ya msimu kwisha aliingia tena uwanjani akiwa mzima. Naliona hilo kuwa ushindi mkubwa kuliko wowote nilioushuhudia kiangazi kile, ingawa hakuna aliyeutangaza kwenye kipaza sauti. Kushinda jioni moja kunahitaji kipaji na bahati. Kumvusha farasi salama kutoka Florida hadi Kentucky na kumrudisha tena kunahitaji mtu anayemgusa kila siku, na viongozi wenye ujasiri wa kumsikiliza mtu huyo anaposema hapana.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, hutoa tuzo ya saisi bora kila mwaka, na ni jambo jema. Lakini tuzo moja haitoshi kwa kazi inayofanywa kila alfajiri. Karatasi za matokeo nilizozichukua Kentucky zina jina la farasi, la mpandaji na la mmiliki. Waandaaji waongeze safu moja, waandike jina la saisi, na mtangazaji alisome utepe unapofungwa. Na siku saisi aliposema hapana na banda likamsikia, hilo nalo litangazwe, ili watoto walioko majukwaani wajue kwamba kumlinda mnyama ni sehemu ya mchezo.